Kaisari ndani ya Boksi la Viatu

Jioni moja ya mwezi wa Mei, mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili, kitu kiligonga kioo cha dirisha la jikoni kwa mlio wa kokoto. Tulikuwa mezani, mimi na bibi mwenye nyumba, katika mji mdogo wa bonde la mto Rhine, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa ameniuliza ninasomea nini hasa, nami nilikuwa nahangaika kumweleza, kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, kwamba ninaandika tasnifu kuhusu nzige: wale walioshambulia mashamba ya Tanganyika katika miaka ya 1890, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, pamoja na njaa iliyofuata nyuma yao. Kikagonga mara ya pili. Bibi, ambaye amepita miaka themanini na hushuka ngazi kwa kushika ukuta, aliinuka kama msichana. Alifungua dirisha, akainama nje, akarudi na mdudu kati ya kidole gumba na cha shahada.

Alikuwa dundu mnene wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa karibu sentimita tatu. Miguu yake ilikuwa inakwarua hewa. Bibi alivaa miwani, akamgeuza kwenye mwanga wa taa kama muuza vito anavyogeuza pete, kisha akatamka neno moja: Müller.

Nilidhani ni jina la mtu. Kumbe ni kazi. Müller ni mwenye kinu cha kusaga nafaka. Kwetu tungesema Mtu wa Mashine, yule anayetoka kibandani jioni akiwa na unga mpaka kwenye kope. Bibi alinionyesha sababu. Mgongoni, juu ya ile kahawia, mdudu alikuwa na malaika meupe mafupi, mengi kiasi kwamba ungedhani amenyunyiziwa unga. Wapo wengine wasio na unga huo, weusiweusi zaidi. Hao ni Wasafisha Dohani. Na mara chache sana, aliniambia, ungempata mmoja mwenye kifua chekundu. Huyo alikuwa Kaisari. Alipokuwa mtoto, Kaisari mmoja alibadilishwa kwa Watu wa Mashine kadhaa, na biashara ilikuwa kali.

Kisha akanyamaza kidogo. Akasema alikaa miaka mingi sana ya utu uzima wake bila kumwona hata mmoja.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilikuwa nimetoka kumweleza habari za wadudu kwa mamilioni, nikiwaita mawingu na majeshi kama zinavyowaita ripoti ninazosoma. Yeye alikuwa ameshika mmoja, na alikuwa anamjua kwa cheo.

*

Wajerumani humwita Maikäfer, yaani dundu wa Mei. Kwa wanasayansi ni Melolontha melolontha, na Linnaeus ndiye aliyemwingiza kwenye orodha yake mwaka 1758. Ni miongoni mwa madundu wanaofahamika zaidi Ulaya, na kwa karne nyingi alikuwa mdudu wa kila mahali, asiyemshangaza mtu.

Siku chache baada ya jioni ile niliokota mwingine, amekufa, chini ya taa ya barabarani. Rafiki yangu anayesomea biolojia alinipa nusu saa kwenye hadubini yake. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha, maana wadudu wakikuzwa huwa hivyo kwenye filamu. Niliyemwona alikuwa amevaa.

Kichwa na ngao ya kifuani ni vyeusi, vyenye kung'aa kidogo, na manyoya ya kijivu yanatokeza kwenye mzunguko wa ngao kama ukosi wa koti la baridi. Mabawa ya juu, yale magumu, si mabawa ya kurukia; ni vifuniko. Yana rangi ya ganda la ukwaju na yamepitiwa na mistari iliyoinuka kutoka begani hadi chini. Chini yake mabawa ya kweli yamekunjwa, membamba kama karatasi ya kufungia andazi ikishaingia mafuta. Ubavuni kuna safu ya pembetatu nyeupe, safi, zenye nafasi sawa. Ukiziangalia kwa macho matupu utadhani zimepakwa rangi. Kwenye hadubini unaona kwamba ni vinywele vyeupe vilivyolala kwa kubanana, kila kimoja mahali pake. Na mwisho wa tumbo kuna ncha iliyochongoka kuelekea chini, ambayo watu huidhania mwiba. Haichomi.

Lakini uzuri wake uko kichwani. Kila kipapasio kinaishia kwa vibapa vyembamba vilivyopangwa kama kurasa. Mdudu akipumzika vibapa hufungwa. Akitaka kunusa huvitandaza, vikawa pepeo. Rafiki yangu aliniambia nivihesabu. Vilikuwa saba. Basi ni dume, akasema; jike ana sita, tena vifupi. Juu ya vibapa vya dume kuna makumi ya maelfu ya viungo vya kunusia, visivyoonekana hata kwa hadubini ile. Jioni majike hula majani ya mwaloni, na majani yakitafunwa hutoa harufu. Dume huruka gizani akiifuata harufu ya jani lililoumwa. Pepeo lile lote la vibapa saba limetengenezwa kwa ajili ya kumtafuta jike mmoja anayekula.

Nilikumbuka kwamba nilishawahi kushika mdudu wa namna hii. Nikiwa na miaka saba au minane, Morogoro, tulikuwa tunakamata madundu chini ya taa ya dukani, tunawafunga uzi mguuni na kuwarusha. Waliruka duara juu ya vichwa vyetu wakivuma, mpaka uzi ukatike au mguu. Sikujua kwamba tunacheza mchezo wa kale. Katika Mawingu, tamthilia ya Aristofane iliyoigizwa Athene mwaka 423 kabla ya Kristo, Sokrates anamshauri mwanafunzi wake aiachie fikra yake iruke kama dundu aliyefungwa uzi mguuni. Neno alilotumia Aristofane ni lile lile ambalo baadaye wanasayansi walilichukua kuwa jina: melolonthe. Pengine dundu wa Athene alikuwa wa aina nyingine, lakini uzi ni ule ule. Jina la kisayansi la mdudu huyu limetoka kwenye mchezo wa watoto.

*

Watu wazima, kwa upande wao, walikutana naye mahakamani.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1320, mjini Avignon, madundu wa Mei walishtakiwa kwa kuharibu mashamba. Mahakama ya Kanisa iliwapa siku tatu wahamie eneo walilotengewa, lililowekewa vibao vya alama, ambako wangepata chakula chao. Asiyetii angehesabiwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Hawakutii. Wakakusanywa na kuuawa.

Tukio linalojulikana kwa undani zaidi ni la nchi ambayo leo ni Uswisi. Mwaka 1478 na 1479 mji wa Bern ulisumbuliwa na viumbe waliokula mimea mashambani. Hati zinawaita inger, na wengi wanaozisoma huona kwamba walikuwa mabuu wa dundu wetu, kwa kuwa hata leo Kijerumani huwaita mabuu hao Engerlinge. Walipelekewa wito wa kufika mbele ya askofu wa Lausanne. Walipewa wakili. Upande wa mashtaka ulidai kwamba hawa ni viumbe pungufu, kwa kuwa hawakuwamo ndani ya safina ya Nuhu. Hukumu ikawa laana kwa jina la Mungu. Mwandishi wa kumbukumbu za Bern alieleza kwamba laana haikufaa kitu, naye akatoa sababu: dhambi za watu.

Ni rahisi kucheka, nami nilicheka. Lakini nikikaa nayo naona jambo lisilochekesha. Hukumu za aina hii zilitolewa na watu wenye njaa. Mkulima aliyeona jani la ngano likinyauka na kung'oka kwa mkono bila mizizi hakuwa na kinyunyizio wala bwana shamba. Alikuwa na padri na mwanasheria, akawatumia wote wawili. Na mahakama, kwa namna yake, ilimheshimu mdudu kuliko tunavyomheshimu sisi: ilimwona kuwa kiumbe mwenye haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Kitu ambacho haikufanya ni kumwangalia. Hati zinasema nao, zinawalaani, zinawapa ardhi. Hazituambii wana miguu mingapi. Ndiyo maana mpaka leo tunabishana kuhusu inger walikuwa wadudu gani. Walishtakiwa kama taifa zima, wakahukumiwa kama taifa zima, na kwenye kumbukumbu hakubaki sura ya hata mmoja.

*

Sehemu ya ugumu ilikuwa maisha yake yenyewe. Dundu tunayemwona Mei anaishi majuma machache tu juu ya ardhi. Jike huchimba udongoni na kutaga mayai, kisha hufa. Buu anayetoka ni mweupe, amejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele, na nyuma ngozi inaonyesha udongo alioula. Huyo ndiye anayeleta njaa. Hutafuna mizizi ya nyasi, viazi, mizabibu na miche kwa miaka mitatu au minne, kutegemea joto la mahali. Mwishoni mwa kiangazi cha mwisho hugeuka bundo, na kabla ya majira ya baridi tayari ni dundu kamili. Hatoki. Hulala chini akiwa amevaa nguo zake zote, mpaka majira ya kuchipua yafike.

Kwa kuwa wengi wa eneo moja huenda pamoja, huja kwa zamu. Mwaka mmoja miti yote ina madundu na mwaloni unabaki matawi matupu. Inayofuata ni kimya. Uswisi mizunguko hiyo ilijulikana vizuri hata ikapewa majina ya mahali: kuna mwaka wa Bern, wa Uri na wa Basel. Mkulima alijua kalenda. Lakini ili ujue kwamba yule mweupe wa ardhini na huyu wa kahawia wa mtini ni mmoja, ilibidi mtu akae naye muda mrefu kuliko msimu.

August Johann Rösel von Rosenhof alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1705 na aliishi Nuremberg kwa kuchora picha ndogondogo za sura za watu, zile ambazo matajiri waliwekeana kama zawadi. Mwaka 1728, akitoka Copenhagen, aliugua akakwama Hamburg kwa majuma kadhaa. Huko mtu alimwonyesha kitabu cha Maria Sibylla Merian kuhusu wadudu wa Suriname, kilichochapishwa mwaka 1705, ambamo kila mdudu amechorwa na hatua zake zote pamoja na mmea anaoula. Rösel aliamua kufanya hivyo kwa wadudu wa kwao, wale wasiosafiriwa na mtu yeyote.

Kuanzia mwaka 1740 alitoa kila mwezi kurasa zenye picha zilizopakwa rangi, akaziita Insecten-Belustigung, burudani ya wadudu. Aliwafuga nyumbani, akasubiri, akachora. Dundu wa Mei yumo: yai, buu, bundo, dume mwenye pepeo lililotandazwa, jike. Katika ukurasa mmoja imekaa miaka kadhaa ya giza. Kinachonigusa ni kwamba mkono uliochora ulikuwa umezoea sura za binadamu. Mtu anayekuja kuchorwa picha ndogo anataka afanane na yeye mwenyewe, asifanane na Wajerumani kwa ujumla. Rösel aliuhamishia mdudu uzoefu huo.

Baada yake wakaja wenye visu vidogo zaidi. Mwaka 1828, mjini Paris, Hercule Straus-Durckheim alichapisha kitabu kikubwa kuhusu muundo wa miili ya wadudu na jamaa zao, na kwa mfano wake mkuu hakuchagua mdudu adimu kutoka visiwa vya mbali. Alichagua dundu wa Mei, yule yule aliyejaa kwenye miti ya jiji. Alimfungua tabaka kwa tabaka: vipande vya ganda, misuli, neva, mirija ya hewa, vyote vikachorwa. Kwa muda, kiumbe ambaye mahakama haikuwahi kuhesabu miguu yake akawa miongoni mwa wanyama wadogo waliojulikana vizuri kuliko wote duniani.

Ningependa kusema kwamba kumjua kulileta huruma. Haikuwa hivyo. Karne ile ile iliyomchora kwa upendo ilimuua kwa magunia.

*

Alfajiri ndiyo ilikuwa saa ya kazi. Baridi ya usiku huwafanya madundu walegee, kwa hiyo watu walitandika mashuka chini ya miti, wakatikisa matawi, na wadudu wakaanguka kama matunda. Walimwagiwa maji ya moto. Waliliwa na kuku na nguruwe. Wengine wakawa mbolea. Mahali pengine halmashauri zililipa kwa ujazo, na watoto wa shule walipelekwa kukusanya. Mwaka 1911, katika msitu wenye eneo la kilomita za mraba 18, zilikusanywa zaidi ya milioni 20.

Waliliwa na watu pia. Mwaka 1844 daktari mmoja wa serikali mjini Fulda, aitwaye Schneider, aliandika makala ya kusifia supu ya madundu wa Mei katika jarida la kitabibu. Unahitaji thelathini kwa mtu mmoja, unawatoa mabawa na miguu, unawakaanga kwa siagi na kuwachemsha kwenye mchuzi. Alisema ladha inakaribia ya supu ya kaa. Mimi niliyekula kumbikumbi tangu utoto sikuona ajabu yoyote. Niliona ajabu kwamba wenzangu darasani walikunja uso kuhusu chakula cha kwao wenyewe.

Ukisoma maandishi ya vita hivi unasikia lugha moja tu: lita, magunia, mamilioni. Ni lugha ninayoijua. Katika ripoti za nzige ninazosoma kwa tasnifu yangu, maofisa wanahesabu maeneo yaliyoliwa, kisha kwa kalamu ile ile wanahesabu watu waliohama kutafuta chakula. Sina ugomvi na hesabu; bila hiyo nisingekuwa na tasnifu. Lakini nimewahi kusoma kurasa arobaini mfululizo za njaa bila kukutana na jina la mtu mmoja aliyelala bila kula.

Katika miaka hiyo hiyo ya magunia, kundi moja lilikuwa linafanya hesabu tofauti. Watoto walichukua boksi, la viatu au la sigara, wakatoboa matundu kwenye kifuniko, wakaweka majani, kisha wakachambua: Mtu wa Mashine huku, Msafisha Dohani kule, Kaisari peke yake. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Tofauti hizo ni za kweli, ni wingi wa malaika na rangi ya kifua, na ili uzione ni lazima umlete mdudu karibu na pua. Walijua pia kwamba kabla ya kuruka dundu husimama, huinua na kushusha mabawa, na tumbo lake hupanda na kushuka. Anavuta hewa na kupasha misuli moto. Wao walisema anahesabu. Wengine walisema anahesabu fedha zake.

Hawakuwa malaika. Walifunga nyuzi kama sisi. Katika kisa cha tano cha Max und Moritz, kitabu cha Wilhelm Busch cha mwaka 1865, watukutu wawili wanawajaza madundu kitandani kwa mjomba, naye anaamka na kuwaponda wote kwa miguu na mikono. Na upo wimbo wa kitoto, Maikäfer flieg, uliochapishwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ambao mtoto humwimbia dundu aliyeko kiganjani ili aruke. Maneno yake ni ya vita: baba yuko vitani, mama yuko Pomerania, na Pomerania imeungua. Unaimbwa kwa lahani ya kubembelezea mtoto alale. Bibi aliujua. Alizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, akauimba katika nchi ambayo miji yake ilikuwa bado vifusi, na hakuona kwamba unahusu jambo la zamani.

*

Mwaka 1939 mkemia wa kampuni ya Geigy, mjini Basel, aligundua kwamba dawa iitwayo DDT inaua wadudu kwa kuwagusa tu. Mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita dawa hiyo ilipuliziwa mashambani na pembezoni mwa misitu ya Uswisi, Ujerumani na Ufaransa, na miongoni mwa walengwa alikuwa dundu wa Mei. Plau za trekta, ambazo hugeuza udongo na kuwaponda mabuu, zilimaliza kazi iliyobaki. Kilichowashinda askofu na magunia, dawa na chuma vilikifanya katika kizazi kimoja.

Mkemia huyo aliitwa Paul Müller. Nilipomwambia bibi, alicheka mpaka akatoa miwani. Mtu wa Mashine, akasema, amewamaliza Watu wa Mashine.

Je, nani aliona kwamba wametoweka? Mkulima alifurahi, na ana haki yake. Hakuna anayelilia mdudu aliyemla mizizi. Vitabu vya sayansi vilikuwa na picha zote tayari. Mwaka 1974 mwimbaji Reinhard Mey, aliyezaliwa mwaka 1942, alitoa wimbo ambao jina lake linasema tu kwamba madundu wa Mei hawapo tena. Ulipendwa sana. Nimeusikiliza mara nyingi. Anayeimba ni mtu mzima anayerudi kwenye mahali pa utotoni, anachimba na kutafuta, hapati. Waliouelewa walikuwa rika lake, rika la bibi, wale waliowahi kushika boksi lenye matundu.

Hapo ndipo nilipofika baada ya majuma ya kusoma. Mahakama ilimpa mdudu huyu wakili, mchoraji alimpa sura, mpasuaji alihesabu neva zake. Lakini alipoondoka, waliomkosa ni wale waliomwita kwa majina. Milioni 20 wakipungua hadi sifuri, kwenye daftari ni mafanikio. Kaisari asipokuja Mei hii, wala Mei ijayo, mtoto anajua kuna kitu kimeharibika. Kumtazama mmoja kwa karibu hakumfanyi mtu awe mwema; mimi ni shahidi, na miguu ya madundu wa Morogoro ni ushahidi. Ila bila kutazama hivyo, hata hasara haionekani.

Tangu miaka ya 1980, DDT ikiwa imepigwa marufuku, wamerudi katika maeneo kadhaa, likiwemo bonde hili la Rhine. Vita vimerudi pia, kwa sauti ya chini zaidi. Uswisi hupandikiza udongoni kuvu anayeitwa Beauveria brongniartii, anayewaua mabuu na kuwaacha viumbe wengine. Wenye mizabibu hapa mjini hulalamika kwa haki. Bibi mwenyewe, mjane wa mkulima, alinionya nisije nikaandika kana kwamba ni vipepeo. Mume wake, alisema, alipoteza miche ya msimu mzima kwa hawa.

Nimebadilisha sura moja ya tasnifu yangu. Katika zile ripoti, nikirudi na kusoma polepole, wamo watu watatu au wanne waliotajwa kwa majina, mara nyingi kwa sababu tu walifika ofisini kudai kitu. Zamani niliwaruka kwa kuwa hawaongezi kitu kwenye jumla. Sasa sura inaanza nao.

Jioni ile bibi alimweka Mtu wa Mashine kwenye kingo ya dirisha lililo wazi. Alisimama pale, akaanza kupandisha na kushusha mabawa, pepeo zake mbili zimetandazwa. Bibi aliinua kidole nisiongee. Anahesabu, alisema. Tukangoja. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, chai ikapoa. Kisha vifuniko vikafunguka, yale mabawa membamba yakakunjuka, akaondoka kuelekea kwenye miti kwa mvumo mzito.